Sakafu ya bahari na kobalti ya Kongo: kwa nini Butembo na Beni zina sababu ya kufuatilia

Mwaka 2025 ulileta habari mbili ambazo wengi wetu tulizisoma kila moja kivyake. Tarehe 22 Februari, serikali ya Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi ili kuzuia bei isiendelee kuporomoka. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Aprili, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kuharakisha uchimbaji wa madini kwenye sakafu ya bahari. Kobalti ni mojawapo ya madini yanayotafutwa huko chini.

Habari hizo zinahusu jambo moja: nani atauza kobalti duniani katika miaka ijayo. Nyuma yake kuna swali lingine ambalo halizungumzwi sana hapa Kivu Kaskazini: nani anajua kilichoko kwenye kilindi cha bahari, anawasimulia akina nani, na kwa lugha gani? Kongo itapata shida kutetea haki yake katika jambo la kwanza ikiwa raia wake hawajui lolote kuhusu la pili.

Mkaaji wa Butembo au Beni anaweza kuuliza bahari inamhusu nini. Kutoka hapa hadi Muanda na Banana, pwani yetu pekee ya Atlantiki, ni kuvuka nchi nzima. Pwani yenyewe ina urefu wa takriban kilomita 40 tu. Samaki wa bahari tunamwona sokoni akiwa amegandishwa ndani ya katoni au amekaushwa kwa chumvi. Lakini ukifuata fedha za taifa, nyaya za intaneti na hata maji ya mito yetu, vyote vinafika baharini.

Tunakijua kilindi kwa kiasi gani?

Wanasayansi huita kilindi sehemu ya bahari iliyo chini ya mita 200. Kuanzia hapo mwanga wa jua unafifia, na chini zaidi ni giza kabisa. Kila ukishuka mita 10, uzito wa maji unaongeza kanieneo kwa kiasi kinacholingana na hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kwenye mita 5,000 kanieneo ni kama mara 500 ya ile tunayoishi nayo juu ya ardhi. Hata hivyo kuna viumbe wanaoishi huko: samaki, kaa, majongoo ya bahari, minyoo, sifongo na bakteria wengi.

Sakafu ya kilindi inafunika karibu theluthi mbili ya uso wa dunia. Mnamo Mei 2025, watafiti wakiongozwa na shirika la Ocean Discovery League la Marekani walichapisha hesabu kwenye jarida la Science Advances. Walikusanya kumbukumbu za mizamio karibu 44,000 iliyofanyika tangu 1958, wakatafuta ni eneo gani ambalo macho ya binadamu au kamera imewahi kuliona. Jibu lao: chini ya asilimia 0.001. Eneo hilo halizidi kilomita za mraba 3,823.

Sisi tunaweza kulipima kwa ziwa tunalolijua. Ziwa Edouard lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,325. Maana yake ni kwamba sehemu yote ya sakafu ya kilindi iliyowahi kuonwa na binadamu, katika bahari zote za dunia, haifiki hata maziwa mawili ya Edouard.

Utafiti huo una takwimu nyingine inayotugusa zaidi. Asilimia 97 ya mizamio hiyo ilifanywa na nchi tano: Marekani, Japani, New Zealand, Ufaransa na Ujerumani. Zaidi ya nusu ilifanyika katika maji yaliyo karibu na Marekani, Japani na New Zealand. Afrika ina pwani ndefu pande zote, lakini kilindi chake kimeangaliwa mara chache, na mara nyingi kwa meli na fedha za wengine.

Mawe yenye umbo la viazi

Katika Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, kuna eneo linaloitwa Clarion-Clipperton. Kina chake ni kati ya mita 4,000 na 6,000. Sakafu yake imetapakaa mawe meusi, mengi yakiwa na ukubwa wa viazi kama vile vinavyoshuka kwa magari kutoka mashamba ya Lubero. Ndani ya mawe hayo kuna manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Makadirio ya wanajiolojia yanaonyesha kwamba kobalti iliyoko kwenye eneo hilo peke yake inazidi akiba yote inayojulikana ya nchi kavu.

Jiwe moja hukua kwa milimita chache tu katika miaka milioni moja, na juu yake na pembeni yake wanaishi viumbe. Mwaka 2023 watafiti walihesabu aina 5,578 za viumbe zilizokwisha kupatikana katika eneo hilo. Karibu aina 9 kati ya kila 10 hazikuwa na jina la kisayansi. Ukiondoa mawe, unaondoa makao ya viumbe ambao bado hawajaandikwa kwenye kitabu chochote. Mwaka 2025 utafiti mwingine uliangalia njia iliyochimbwa kwa majaribio mnamo 1979 na kukuta alama za mashine bado zinaonekana baada ya zaidi ya miaka 40. Baadhi ya wanyama wadogo walikuwa wameanza kurudi, lakini sakafu yenyewe haijarudi ilivyokuwa.

Eneo hilo si mali ya nchi yoyote. Kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa pamoja wa binadamu wote. Inasimamiwa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaika. Nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, iliridhia mkataba huo mwaka 1989. Kwa hiyo mkaaji wa Oicha ana sehemu katika urithi huo sawa na mkaaji wa Paris.

Marekani haikuwahi kuridhia mkataba huo. Ndiyo sababu amri ya Trump ilizua mvutano: inategemea sheria ya ndani ya Marekani ya mwaka 1980. Siku tano tu baada ya amri hiyo, tarehe 29 Aprili 2025, tawi la kampuni ya The Metals Company lilipeleka maombi Washington ya kuchimba katika Pasifiki, bila kusubiri kanuni za Kingston. Kikao cha Kingston cha Julai 2025 kilimalizika bila kukubaliana juu ya kanuni za uchimbaji. Karibu nchi 40 zimetaka shughuli hiyo isimamishwe kwanza mpaka sayansi itoe majibu ya kutosha.

Kongo inapoteza nini?

Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Kongo, hasa mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Ni mbali na Butembo, lakini shaba na kobalti ndizo zinazoiletea nchi sehemu kubwa ya fedha za kigeni, na hazina ya serikali ni moja. Humo ndimo mwalimu wa Mangina na askari aliye kwenye mstari wa mbele Lubero wanatarajia kulipwa.

Serikali imejaribu kutumia nguvu hiyo. Baada ya kuzuia uuzaji nje kuanzia Februari 2025, ilibadilisha utaratibu na kuweka viwango kuanzia tarehe 16 Oktoba. Kwa miaka ya 2026 na 2027, kiwango kilichotangazwa ni tani 96,600 kwa mwaka. Mpango huo unategemea jambo moja: kwamba mnunuzi hana mahali pengine pa kupata kobalti nyingi haraka. Sakafu ya bahari ndiyo mahali pengine panapotafutwa.

Tusikuze jambo kupita kiasi. Hakuna bado uchimbaji wa kibiashara wa mawe ya kilindi. Gharama ni kubwa, na viwanda vingi vya magari ya umeme vimeanza kutumia betri zisizo na kobalti kabisa, tishio ambalo kwa Kongo liko karibu zaidi kuliko meli za Pasifiki. Lakini maamuzi kuhusu bahari yanafanywa sasa, na yakishafanywa ni vigumu kuyarudisha nyuma.

Waliotunga sheria ya bahari waliliona tatizo hili mapema. Makubaliano ya mwaka 1994, yanayotekeleza sehemu ya mkataba inayohusu sakafu ya bahari, yanataja mfuko wa kusaidia nchi zinazoendelea ambazo uchumi wake utaumizwa na madini yatakayotoka baharini. Kongo ni mfano wazi wa nchi hiyo. Lakini msaada wa namna hiyo haujileti wenyewe. Nchi inatakiwa ionyeshe hasara yake kwa hesabu, ifuatilie vikao, ipeleke wataalamu wanaoelewa jiolojia, uchumi na viumbe wa kilindi. Kundi la nchi za Afrika limewahi kulalamika huko Kingston kwamba malipo yanayopendekezwa kwa ajili ya urithi wa pamoja ni madogo mno. Malalamiko hayo yanahitaji raia nyumbani wanaoyajua na kuyaunga mkono.

Maji yetu yanalisha kilindi

Kuna sababu nyingine ya kuiangalia bahari, na hii haihusu fedha. Milima ya Lubero na Beni inagawa maji. Upande wa mashariki, maji yanashuka hadi Ziwa Edouard na mto Semliki, yanaingia Ziwa Albert, kisha mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Upande wa magharibi, maji yanaingia mito kama Lindi na Ituri, yanafika mto Kongo na kumalizikia Atlantiki. Mvua inayonyesha kwenye mlima mmoja inaweza kumalizikia kwenye bahari mbili.

Mdomo wa mto Kongo si wa kawaida. Mito mingi mikubwa humwaga udongo wake pwani na kujenga delta. Mto Kongo una korongo la chini ya maji linaloanza ndani ya mdomo wenyewe na kuendelea baharini kwa mamia ya kilomita, mpaka kwenye kina cha takriban mita 5,000. Ni kati ya makorongo makubwa ya aina hiyo duniani. Kupitia humo, udongo, majani na mabaki ya miti kutoka bonde zima la Kongo yanashushwa moja kwa moja kwenye kilindi.

Watafiti wa taasisi ya bahari ya Ufaransa, Ifremer, walianza kuchunguza eneo hilo kwa roboti za chini ya maji. Mwaka 2000, karibu na korongo hilo, kwenye kina cha takriban mita 3,160, waligundua shimo kubwa walilolipa jina la Regab. Ndani yake gesi ya metani inatoka kwenye sakafu, na kuizunguka kuna makundi ya kome, kombe na minyoo mirefu inayoishi ndani ya mirija. Wanyama hao hawategemei jua. Bakteria wanaoishi ndani ya miili yao hutumia metani, au gesi ile yenye harufu ya yai bovu, kutengeneza chakula. Anayejua habari za metani ya Ziwa Kivu ataelewa haraka: gesi tunayoiogopa na kuitamani huku, kule chini ni meza ya chakula.

Miaka kadhaa baadaye watafiti walishusha roboti hadi mwisho wa korongo, zaidi ya kilomita 700 kutoka pwani. Huko pia walikuta makundi ya kombe wa namna hiyo, na sehemu kubwa ya chakula kinacholisha mfumo huo ni mabaki ya mimea yaliyoletwa na mto. Kwa maneno mengine, majani yaliyooza kwenye misitu ya Kongo yanalisha viumbe walio kwenye giza la mita 5,000.

Korongo hilo liligusa pia maisha ya kila siku. Mwishoni mwa 2019 mto Kongo ulifurika kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka karibu 60. Kati ya tarehe 14 na 16 Januari 2020, tope zito liliporomoka ndani ya korongo na kukimbia zaidi ya kilomita 1,100 chini ya bahari. Hiyo ni karibu mara nne ya barabara ya Butembo hadi Goma. Kasi yake iliongezeka kutoka mita 5 hadi mita 8 kwa sekunde. Tope hilo lilikata nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, SAT-3 na WACS. WACS ndiyo inayotua kwetu Muanda. Intaneti ilipungua kasi katika nchi nyingi za Afrika, wakati ambapo biashara, benki na vyombo vya habari tayari vilikuwa vikiitegemea.

Timu iliyoongozwa na Peter Talling wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, ilikuwa imeweka vipimo ndani ya korongo mwaka 2019. Tope lilivikata vipimo hivyo pia, vikaelea juu, na taarifa zilizookolewa ndizo zilizowezesha kueleza kilichotokea. Bila sayansi hiyo, tungeishia kulaumu kampuni za simu.

Argentina walifanya nini?

Kati ya Julai na Agosti 2025, watafiti wa Argentina walifanya jambo ambalo linastahili kuangaliwa kwa makini. Wakitumia meli ya utafiti Falkor (too) ya taasisi ya Schmidt Ocean Institute, walishusha roboti SuBastian kwenye korongo la Mar del Plata, hadi kina cha karibu mita 3,900. Kila mzamio ulirushwa moja kwa moja kwenye YouTube. Wanasayansi wa nchi hiyo walieleza kwa Kihispania cha kawaida walichokuwa wakikiona, na watu waliuliza maswali papo hapo.

Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakitazama kwa wakati mmoja. Nyota wa bahari mmoja mnene alipewa jina la utani na akawa gumzo la nchi. Watoto walichora pweza na kaa wa kilindi. Watafiti walitangaza kwamba walikuta zaidi ya aina 40 ambazo huenda hazijawahi kuandikwa. Yote haya yalitokea wakati watafiti wa serikali ya Argentina walipokuwa wakilalamikia kupunguzwa kwa bajeti yao. Ghafla suala la fedha za utafiti likawa la watu wa kawaida, kwa sababu walikuwa wamejionea wenyewe fedha hizo zinafanya kazi gani.

Meli ilikuwa ya wageni. Lakini waliokuwa wakieleza ni Waargentina, kwa lugha ya nyumbani. Kwenye korongo la Kongo, kamera zimeshuka mara kadhaa tangu mwaka 2000, na matokeo yake yamechapishwa kwenye majarida ya Kiingereza na Kifaransa. Mwanafunzi wa Butembo anayetaka kujua wanyama wanaolishwa na mto wa nchi yake hana kitabu wala kipindi cha redio kwa Kiswahili.

Afrika Mashariki ina mfano wake pia. Silikanti ni samaki wa kilindi ambaye wanasayansi waliamini ametoweka pamoja na dinosaria, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, walianza kumnasa kwenye nyavu za jarife. Wavuvi na maafisa wa uvuvi walipeleka taarifa, watafiti wakaja, na mwaka 2009 serikali ya Tanzania ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili ya samaki huyo. Hifadhi hiyo haikuondoa migogoro yote kati ya wavuvi na wahifadhi. Lakini jina la silikanti liliingia kwenye Kiswahili, na mazungumzo juu yake yalifanyika kwa lugha ya mvuvi.

Somo lililo karibu: Ziwa Edouard

Hatuhitaji kwenda Argentina kuona hasara ya maarifa yasiyorudi nyumbani. Kina kikubwa cha Ziwa Edouard ni takriban mita 117, karibu na ukingo wetu wa magharibi, na karibu asilimia 70 ya ziwa iko Kongo. Mbelgiji Hubert Damas alilichunguza kati ya 1935 na 1936. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walichapisha kwamba samaki wadogo wa ziwa hilo wanaokula mayai na vifaranga vya samaki wenzao si aina moja kama ilivyodhaniwa, bali ni aina tano. Wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi, ambao nyavu zao zinapita juu ya samaki hao kila usiku, wangepaswa kuwa wa kwanza kupata habari hiyo.

Mwaka 2014 suala la maarifa lilionekana wazi zaidi. Kampuni ya Uingereza, SOCO, ilipima ziwa kwa mawimbi ya sauti kutafuta mafuta ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mabishano yalikuwa makali, watu waligawanyika, na mnamo Juni mwaka huo kampuni ilitangaza kusitisha. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta, vingine vikigusa Virunga, kisha mnamo Oktoba 2024 ikafuta mnada wa vitalu 27. Kwa miaka yote hiyo, wavuvi waliulizwa kama wanakubali au wanakataa mafuta, lakini ni wachache waliopewa maelezo rahisi kwa Kiswahili au Kinande: samaki huzaliana wapi, maji ya chini yasiyo na oksijeni yanaanza kina gani, mafuta yakimwagika yataelekea wapi.

Ndivyo itakavyokuwa kwa sakafu ya bahari, kwa ukubwa zaidi. Siku moja serikali itaulizwa msimamo wake juu ya uchimbaji wa Pasifiki, au juu ya mafuta na nyaya zilizoko mbele ya Muanda. Bila mjadala nyumbani, msimamo huo utaandaliwa na watu wachache ofisini, na raia watausikia baada ya saini.

Je, ni anasa wakati wa vita?

Msomaji wa Beni ana haki ya kukasirika. ADF bado wanaua raia vijijini na mashambani. M23 wameteka Goma tangu Januari 2025, na Beni imegeuka makao ya muda ya mkoa. Wavuvi wa Ziwa Edouard wanatozwa na watu wenye bunduki. Nani ana muda wa kombe wa mita 5,000?

Hoja hiyo ni nzito, na hakuna utafiti wa bahari utakaoleta usalama Oicha. Lakini vita vyenyewe vimetufundisha gharama ya kutojua. Kwa muda mrefu wengi wetu hatukujua koltani ya Rubaya inakwenda wapi na inatumika katika nini, wakati wanunuzi walijua vizuri. Kobalti ilipogeuka kuwa madini ya betri, kampuni zilijua kabla ya wakaaji wa Kolwezi. Kila mara maarifa yaliyochelewa yalilipwa na raia. Kuelewa kilindi hakuchukui fedha za askari wala za hospitali. Kunahitaji maneno, walimu, na dakika chache za hewani.

Kinachowezekana sasa

Mambo manne yako ndani ya uwezo wetu hata katika hali hii.

La kwanza ni lugha. Matokeo ya utafiti kuhusu korongo la Kongo na Ziwa Edouard yamekwisha kuchapishwa. Idara za sayansi za vyuo vikuu vyetu, ikiwemo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hapa Butembo, zinaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kuyafupisha kwa Kiswahili kwa ajili ya shule za sekondari. Kazi hiyo haihitaji meli.

La pili ni redio. Redio za Butembo, Beni na Lubero zinafika mahali ambapo intaneti haifiki. Kipindi cha nusu saa kuhusu maji, kuanzia ziwa hadi bahari, kikimpa nafasi mvuvi wa Kyavinyonge pamoja na mtaalamu wa Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia cha Uvira, kingesikilizwa.

La tatu ni sharti kwa watafiti wa nje. Atakayeshusha chombo kwenye maji ya Kongo, ziwani au baharini, atakiwe kuwa na Wakongo ndani ya timu na kurudisha matokeo kwa lugha za nchi. Mkataba mpya wa kulinda viumbe wa bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi unaelekea huko. Ulifikisha nchi 60 zilizouridhia tarehe 19 Septemba 2025, na kwa kanuni zake umeanza kutumika tarehe 17 Januari 2026. Ndani yake kuna vipengele vya kugawana faida zitokanazo na viumbe hao, na vya kuzijengea uwezo nchi zinazoendelea.

La nne ni wabunge wetu. Waiulize serikali maswali yenye majibu ya ndiyo, hapana au tarakimu: Kongo inapeleka nani Kingston? Imekwisha kukadiria hasara ambayo uchumi wake utapata kobalti ya bahari ikiingia sokoni? Ina msimamo gani juu ya kusimamisha uchimbaji huo mpaka sayansi ikamilike? Je, itadai haki yake kwenye mfuko wa nchi zitakazoumia?

Viwango vya kobalti vilivyotangazwa na Kinshasa vinafika mwisho wa 2027. Katika kipindi hicho hicho, Kingston itaendelea kujadili kanuni za uchimbaji na Washington itaendelea kushughulikia maombi ya kampuni. Wabunge wa Beni, Butembo na Lubero wana muda wa kuuliza kabla ya hapo, na sisi wapiga kura tuna muda wa kuwauliza kama waliuliza.